Wiki tatu za kwanza za muhula: zoezi dogo linavyoweza kukuonyesha nani anazama

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Wakuu, salaam. Muhula mpya umekaribia, na najua humu kuna wahadhiri, washauri wa wanafunzi na wanafunzi wenyewe, kwa hiyo naomba tulijadili hili mapema.

Nafundisha takwimu za mwanzo kwa mwaka wa kwanza. Kwa miaka mingi nilifuata utaratibu niliourithi: mihadhara inaanza, jaribio la kwanza wiki ya 7, majibu yanarudi wiki ya 9. Nikimaliza kusahihisha ndipo naona karatasi nyingi ziko chini ya nusu ya alama. Wakati huo tarehe ya kuacha kozi bila kuharibu matokeo imeshapita, na nusu ya pili ya kozi inajengwa juu ya nusu ya kwanza ambayo hawa hawakuielewa. Nilikuwa namtambua mgonjwa siku ya mazishi.

Kilichonibadilisha ni kijana mmoja. Alikaa safu ya pili, anaandika kila neno ninalosema. Jaribio la wiki ya 7 akapata 2 kati ya 20. Nilipomwita, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba alisajiliwa kwa kuchelewa, nywila ya mfumo wa kozi aliipata wiki ya 5, na mazoezi yote ya mwanzo pamoja na data zake hakuwahi kuyaona. Aliona aibu kuuliza kwa sababu wenzake wote walionekana wanajua wanachofanya. Hesabu aliziweza vizuri tu, na aliporudia kozi alipata B. Jambo la dakika 5 lilimgharimu muhula mzima. Limenikaa moyoni, maana katika kozi yangu yote hapakuwa na mahali popote ambapo ningeweza kugundua, kabla ya wiki ya 7, kwamba mwanafunzi wangu hana nywila.

Siku hizi nafanya hivi. Mwisho wa wiki ya 1 kila mmoja analeta nusu ukurasa kupitia mfumo wa kozi: soma kurasa 2 nilizoweka, andika ni wapi umekwama na kwa nini. Hakuna jibu sahihi wala lisilo sahihi. Zoezi lenyewe halipimi takwimu hata kidogo. Linanionyesha nani anaweza kuingia kwenye mfumo, nani anasoma maelekezo na kuyafuata, na nani anaweza kuandika aya moja ikaeleweka. Wiki ya 2 naleta maswali 10 mafupi ya mambo ambayo kozi inadhani wanayajua tayari: asilimia, sehemu, kusoma grafu, kupanga namba hasi. Wiki ya 3 ndipo inakuja kazi ya kwanza yenye alama, nayo ni asilimia 3 tu ya alama zote. Inatosha waichukulie kwa uzito, na haitoshi kumuua mtu.

Jambo la kwanza nililojifunza lilinishangaza. Mwenye alama 3 kati ya 10 simuogopei sana. Namuogopea ambaye hakuleta chochote. Mwenye 3 ameketi, ameifungua kazi, amejaribu, na makosa yake yananiambia wapi pa kuanzia. Asiyeleta ni ukuta mtupu. Anaweza kuwa anaumwa, ameajiriwa usiku, hajalipa ada, ameshaamua kuondoka, au hana nywila kama yule kijana. Watu wa Open University ya Uingereza, chuo kinachofundisha kwa masafa, wamelichunguza hili kwa miaka. Mwaka 2017 watafiti wake walitoa hadharani data za wanafunzi 32,593, bila majina, zikiwa na alama za kazi zao na rekodi za kila siku za walivyotumia mfumo wa masomo. Waliozitafiti kozi za chuo kile wamekuta kwamba kuleta au kutoleta kazi ile ya kwanza kabisa kunabashiri mengi kuhusu nani atafika mwisho.

La pili, kabla ya kuorodhesha wanaohitaji msaada, tazama maswali kwanza na majina baadaye. Swali la 4 likikosewa na nusu ya darasa, mwenye tatizo ni mimi au swali lenyewe. Hapo sitafuti wanafunzi, narudi darasani na kufundisha upya.

Ninachotaka kujua kwenu ni kinachofuata baada ya hapo. Ukishapata orodha, unafanya nini? Maana nimeona vyuo vinavyokusanya alama hizi vizuri kabisa, kisha zinakaa kwenye faili mpaka mtihani.

Tutoria Kubwa

Mkuu, hoja yako naiheshimu, ila mimi nina darasa la watu 240 na msaidizi mmoja. Kazi 3 ndani ya wiki 3 ni karatasi 720. Nikisahihisha hizo sitafundisha. Na nikichelewa kuzirudisha mpaka wiki ya 6, nimerudi pale pale ulipotoka wewe.

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Mkuu, hapo umegusa penyewe, kwa sababu kazi ya mapema isiyorudi mapema ni mzigo tu kwa pande zote mbili. Mimi ile ya wiki ya 1 siisahihishi kwa maana ya kusahihisha. Napita nikiweka alama moja kati ya tatu: hajaleta, ameleta lakini amekwama, yuko sawa. Kila moja ni kama sekunde 20. Kwa watu 240 ni sekunde 4,800, yaani dakika 80. Na wale wasioleta hawahitaji hata hizo sekunde, mfumo unawatoa wenyewe. Maswali ya wiki ya 2 yanaweza kuwa ya kuchagua jibu, mfumo ukayasahihisha usiku ule ule. Inabaki kazi moja tu ya kusoma kweli, na hiyo ifanye iwe ukurasa mmoja.

Ukishindwa zote tatu, chukua ile ya wiki ya 1 peke yake. Ukijua Jumatatu ya wiki ya 2 nani hajaleta kitu, umeshapata sehemu kubwa ya unachokitafuta.

Nilirudia Mwaka

Shikamoo mwalimu. Mimi si mhadhiri, nimemaliza chuo baada ya kurudia mwaka wa kwanza. Naomba niongee kutoka upande wa pili wa orodha.

Wiki ya 4 nilipata barua pepe kutoka ofisi ya taaluma. Ilisema nimebainika kuwa katika kundi la hatari ya kufeli, na ninashauriwa kutumia huduma zilizopo. Haikuwa na jina la mtu mwishoni. Haikusema nimebainika kwa kitu gani. Niliisoma mara moja nikaifuta, halafu kwa wiki 2 nikawa sifungui barua pepe kabisa kwa kuogopa nyingine. Nilijiambia, kumbe hata wao wameshaona sifai.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nafanya kazi zamu ya usiku. Asainimenti ya kwanza niliikosa kwa sababu nililala nikiwa nimekaa mezani, si kwa sababu sikuielewa. Hakuna aliyeniuliza. Nikachukua sapu 3, yaani mitihani ya marudio, nikafeli 2, mwaka ukaenda.

Nilipoanza upya, msaidizi wa maabara aliniona sikuleta ripoti ya kwanza akanifuata mlangoni: "Ripoti yako sijaiona, kuna nini? Njoo kesho saa 4 tuitazame pamoja." Nilienda. Tulikaa dakika 15 hivi. Alinihamishia kwenye kikundi cha maabara cha mchana, basi. Sasa nikifikiria, yule mtu na ile barua pepe walikuwa na taarifa ile ile: kazi moja haijaletwa.

Namba na Data

Dada au kaka hapo juu, asante kwa kusema. Nafanya uchambuzi wa data za wanafunzi na naomba niweke tahadhari kwenye hizi orodha, kwa sababu watu wanaziamini kupita uwezo wake.

Tuchukue mfano wa kubuni. Darasa lina watu 200, na 40 kati yao kweli watakwama wasiposaidiwa. Zoezi lako la wiki ya 2 ni zuri, linawakamata 30 kati ya hao 40. Lakini pia linawakamata 32 kati ya wale 160 ambao wangefika salama: mmoja alikuwa na homa siku hiyo, mwingine alisoma swali vibaya, mwingine hajazoea kujibu kwenye skrini. Orodha yako ina majina 62, na zaidi ya nusu hawakuhitaji kuwemo. Wakati huo huo watu 10 wanaozama hawamo kabisa, na huwaoni.

Kwa hiyo hatua inayofuata lazima iwe ya aina ambayo haimuumizi aliyeingia kwa makosa. Kumuuliza mtu "kuna nini" hakumuumizi asiye na shida, atajibu niko sawa, mwisho. Kumhamishia darasa la marudio au kumpunguzia kozi kunamuumiza. Kadiri hatua inavyokuwa nzito ndivyo unavyohitaji ushahidi zaidi ya zoezi moja.

Halafu tuwe waangalifu na hadithi za mafanikio. Purdue University ya Marekani ilianza mwaka 2007 kutumia mfumo ulioitwa Course Signals, uliompa mwanafunzi taa ya kijani, ya njano au nyekundu kufuatana na alama zake na alivyotumia mfumo wa kozi. Yalitangazwa matokeo makubwa: waliosoma kozi 2 au zaidi zenye taa hizo walibaki chuoni zaidi kuliko wengine. Mwaka 2013 wachambuzi wakauliza swali rahisi: je, aliyesoma kozi nyingi za taa amebaki kwa sababu ya taa, au amepata nafasi ya kusoma kozi nyingi kwa sababu alibaki? Anayeondoka muhula wa kwanza hawezi kufikisha kozi 2. Swali hilo lilitikisa dai zima.

Mshauri Mkongwe

Nimekaa ofisi ya ushauri wa wanafunzi muda mrefu, na naomba nimuunge mkono Namba na Data, kisha nimpinge kidogo.

Namuunga mkono kwamba taa peke yake haimfikishi mtu popote. Ila si mifumo yote imeishia kwenye taa. Georgia State University, Marekani pia, ilianzisha mwaka 2012 mfumo unaofuatilia dalili zaidi ya 800, na wakaajiri washauri wengi wa kuzifanyia kazi. Dalili ikijitokeza, kuna mtu mwenye jina anayemtafuta mwanafunzi. Na waligundua jambo ambalo sisi washauri tunaliona kila muhula: wengine hawana tatizo la masomo hata kidogo, wanafutwa kwenye usajili kwa kukosa kiasi kidogo cha ada. Wakaweka ruzuku ndogo ndogo za kuziba pengo hilo. Zoezi la takwimu haliwezi kukwambia mtu anadaiwa ada, lakini mtu anayeuliza kwa sababu zoezi halikuletwa, anaweza kuambiwa.

Ndiyo maana nikipokea majina kutoka kwa mhadhiri, sianzi na alama. Naanza na usingizi, pesa, nyumbani, mahali pa kusomea. Nikiona hapo pako sawa ndipo naingia kwenye somo. Mara nyingi siingii.

Na nimpinge wapi? Yeye anasema ushahidi zaidi kabla ya hatua nzito. Sawa. Ila huko vyuoni nimeona "tusubiri ushahidi zaidi" ikitumika kusukuma kila kitu mpaka wiki ya 8. Uliza mapema, hata kama una dalili moja.

Tutoria Kubwa

Swali kwa Mshauri. Kwa nini tusiache kabisa kuwachambua watu? Tuweke vipindi vya msaada kwa darasa zima, anayetaka aje. Hakuna orodha, hakuna aibu.

Mshauri Mkongwe

Wazo hilo lina historia nzuri. Mwaka 1973, katika University of Missouri–Kansas City, Deanna Martin alianzisha utaratibu ambao kwa Kiingereza unaitwa Supplemental Instruction. Badala ya kutafuta wanafunzi walio hatarini, walitafuta kozi zilizo hatarini, zile ambazo asilimia 30 au zaidi ya wanafunzi wanapata D, F au wanajitoa. Kozi ikiwa hivyo, inawekewa vipindi vya kusoma pamoja vinavyoongozwa na mwanafunzi aliyeifaulu kozi hiyo kabla, na mlango uko wazi kwa wote, wa A na wa F. Vyuo vingi duniani vimeuiga.

Ila mlango wazi una udhaifu wake. Wanaoingia kwanza ni wale wanaojua kuomba. Yule aliyefuta barua pepe hapo juu hangeingia.

Nilirudia Mwaka

Kweli, nisingeingia. Nilikuwa najua vipindi vipo, tangazo lilikuwa ukutani.

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Basi mimi nayachanganya yote mawili: vipindi kwa wote, na mwaliko wa jina kwa jina kwa wachache. Nikimwambia mtu "njoo kipindi cha Jumatano, nitakuwepo," anaingia mahali ambapo wengine pia wapo, na hakuna anayejua nani aliitwa na nani alikuja mwenyewe. Hilo la kutojulikana limenisaidia kuliko kitu kingine chochote.

Kalamu Nyekundu

Nina hofu mbili, zote za kweli.

Ya kwanza ni hiyo orodha kuwafikia wasaidizi wanaosahihisha. Mwaka 1968 Robert Rosenthal na Lenore Jacobson walichapisha matokeo ya shule moja ya msingi ambapo walimu waliambiwa kwamba watoto fulani watachanua mwaka huo, wakati majina yalichaguliwa kwa bahati nasibu. Baadhi ya watoto hao, hasa wa madarasa ya chini, walipanda zaidi ya wenzao. Utafiti ule umebishaniwa sana tangu hapo kuhusu ukubwa wa athari, lakini swali lake bado linanisumbua nikiligeuza: msaidizi akiambiwa huyu ni dhaifu, atampa nafasi ya kujibu swali gumu?

Ya pili ni programu za akili bandia. Mwanafunzi aliyekwama anaandikiwa kazi yote na programu, inakuja safi, mimi naweka "yuko sawa." Kazi ya nyumbani imepofuka.

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Kalamu, ya kwanza umenifanya nibadilishe kitu. Mpaka muhula uliopita nilikuwa nawapa wasaidizi orodha nzima pamoja na alama. Kuanzia sasa nitawapa tu majina ya watu wa kuzungumza nao, yaliyochanganywa na ya wengine wa kikundi chao, kwa sababu ninawataka wazungumze na wote hata hivyo. Na orodha yangu mwenyewe naifuta wiki ya 6. Alama ya wiki ya 2 haina haki ya kumfuata mtu mpaka mwaka wa tatu.

La pili, sehemu kubwa ya udanganyifu inatokana na alama. Kazi ya wiki ya 1 haina alama na inauliza umekwama wapi, kwa hiyo faida ya kuidanganya ni ndogo, ingawa wapo wanaodanganya kwa kuogopa tu kuonekana hawajui. Maswali ya wiki ya 2 nimeyahamishia darasani: dakika 15, kalamu na karatasi, nakaa mbele nikiwaambia wazi kwamba matokeo haya hayahesabiwi popote, nayatumia kujua nifundishe nini. Tutoria Kubwa, najua karatasi zinaongeza kazi. Wabadilishane wasahihishane wenyewe, karatasi ziwe na namba za siri badala ya majina, kisha kusanya.

Lakini kuna makosa ambayo programu haifichi. Ukimuuliza mtu ana kwa ana, "hapa uliposema umekwama kwenye wastani na namba ya kati (median), nionyeshe," ndani ya dakika 2 unajua.

Namba na Data

Mwalimu, tuwekee ule ujumbe unaowatumia. Nadhani kila kitu tulichosema humu kinaishia hapo.

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Nauandika kwa mkono wangu kwa kila mmoja, si wa mfumo. Kwa aliyeleta lakini amekwama, nafuata jambo nililolisoma katika utafiti wa Marekani uliochapishwa 2014. Walimu wa shule ya kati waliporudisha insha zenye masahihisho pamoja na kikaratasi kinachosema maoni haya unapewa kwa sababu nina matarajio makubwa kwako na najua unaweza kuyafikia, wanafunzi wengi zaidi walirudia insha zao, na tofauti ilikuwa kubwa zaidi kwa wanafunzi weusi. Wale walikuwa watoto wadogo kuliko wetu, ila nimeona maneno ya aina hiyo yanafunguliwa masikio.

Kwa ambaye hakuleta kitu, ujumbe wangu ni huu:

"Habari yako. Mimi ni mhadhiri wako wa takwimu. Tumeona kwamba hujaleta kazi ya wiki ya 1, na wanafunzi wasioleta kazi hii mara nyingi hupata shida baadaye. Inawezekana kuna sababu ambayo mimi siijui. Niko ofisini kesho saa 6 mpaka saa 8. Ukishindwa kufika nijibu hapa hata kwa neno moja, nitakupigia. Kazi bado inapokelewa mpaka Ijumaa."

Nilirudia Mwaka

Mwalimu, naomba usinichukie. Huo mstari wa "tumeona" na "mara nyingi hupata shida baadaye," utoe. Nilipousoma tu moyo uliniruka kama wiki ile ya 4. Anza na "sijaiona kazi yako, kuna nini?" Kisha hapo pa Ijumaa papandishe juu, kabla ya ofisi. Mimi ningesoma mstari wa kwanza na wa pili tu, na ningetaka kujua kwanza kama mlango bado uko wazi.

Mhadhiri wa Takwimu (mleta mada)

Sikuchukii hata kidogo, na asante. Nimeurekebisha sasa hivi:

"Habari yako. Mimi ni mhadhiri wako wa takwimu. Kazi yako ya wiki ya 1 sijaiona, kuna nini? Bado naipokea mpaka Ijumaa. Niko ofisini kesho saa 6 mpaka saa 8, njoo tuitazame pamoja. Ukishindwa kufika nijibu neno moja tu hapa, nitakupigia."

Muhula ukianza utatoka hivyo, Jumatatu ya wiki ya 2, asubuhi. Nitarudi humu niwaambie wangapi wamejibu.